Kulala nangani kusi ikivuma: mwongozo kwa mke na mume wenye mashua Tanga

Saa tano kasorobo usiku mashua iligeuka ubavu. Upepo haukuwa umebadilika. Ilikuwa kusi ile ile ya Julai iliyotusindikiza tangu mchana. Kilichobadilika ni maji. Yalikwisha kupwa, yakaanza kujaa, na mkondo ukawa unatusukuma huku, upepo unatusukuma kule. Tukabaki katikati, mawimbi yakitupiga ubavuni, chombo kikienda mrama kiasi kwamba sufuria zilitoka kwenye sanduku zenyewe. Mume wangu akaniambia, "Mama Zuhura, shika kitu." Nikamjibu kwamba nimeshika kila kitu isipokuwa usingizi.

Tulikuwa upande wa bara wa kisiwa cha Yambe, kusini mashariki ya mji wa Tanga, na tulidhani tumejificha vizuri. Tangu usiku ule tumelala nangani mara nyingi, Yambe, Karange, hata Kigombe, na ninayoyaandika hapa ndiyo tunayofanya sasa. Tuna mashua ya mbao ya futi 26 yenye tanga moja na mashine ya nyuma ya nguvu ya farasi 25. Mwenye chombo kikubwa zaidi atabadilisha vipimo, mpangilio ni ule ule.

Kabla ya kutoka: angalia mwezi, halafu angalia utabiri

Watu wengi huanza na utabiri wa upepo. Mimi huanza na tarehe ya mwezi, ile ya Kiislamu. Mwezi mwandamo na mwezi kumi na tano huleta bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, na bamvua kali huja siku moja au mbili baadaye. Tarehe saba au nane, na ishirini na mbili au na tatu, ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo. Kwenye pwani yetu ya Tanga bamvua hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita 3, na kina kinachofika kifuani jioni kinaweza kuwa mchanga mkavu kabla hujalala.

Kuna jambo wazee wa hapa hulijua bila kalenda. Siku za bamvua, maji hujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: yanajaa karibu saa nne au saa tano, yanapwa jioni. Ukilijua hilo unajua tayari saa ambayo mashua itageuka usiku, na unajua nani awe macho wakati huo.

Kisha utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa taarifa za bahari, na maneno yake tumeyazoea: upepo wa kasi inayofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2. Sisi tukisikia hivyo tunabaki nyumbani. Sioni aibu. Mwongozo huu ni wa aliyetoka na hali nzuri ikamharibikia njiani, au anayetaka kulala nyuma ya kisiwa kusi ikiwa ya wastani. Na Aprili na Mei, kusi inapoingia, tuwe na adabu zaidi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu ya Tanzania wakati wengi tulidhani vimbunga ni habari za Msumbiji.

Mwachie mtu wa nchi kavu maelezo yaliyoandikwa: mnakwenda wapi, mtarudi lini, na saa ngapi aanze kutafuta msaada mkinyamaza. Sisi humwachia wifi yangu, na huwaambia viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa fukwe, pale mwalo wa Deep Sea tunapotokea. Visiwa vya Yambe na Karange vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga, iliyoanzishwa 2009, kwa hiyo malizana na watu wa hifadhi kabla ya kwenda kulala huko.

Nanga, amari na kosa la kamba

Nanga ya makucha manne waliyonayo wavuvi wengi inashika vizuri kwenye mawe. Kwenye mchanga hukwaruza tu. Nanga ya kulalia mchangani au kwenye tope iwe baura au aina nyingine yenye mikono mipana inayojizika yenyewe inapovutwa. Yetu ina kilo 15, ikifuatiwa na mnyororo wa mita 8, kisha kamba ya nailoni ya milimita 14, mita 80. Mnyororo ule una kazi mbili. Unailaza nanga ili ivutwe kwa ulalo badala ya kunyanyuliwa, na haukatiki ukisuguana na mawe.

Nailoni nimeitaja makusudi. Sisi watu wa Tanga tumekulia kwenye mkonge na tunaupenda, lakini amari, yaani kamba ya nanga, ya katani huoza kwenye maji ya chumvi na hainyumbuki. Kamba za plastiki za rangi ya bluu zinazouzwa kila duka zinaelea, kwa hiyo zinainua mnyororo na kukaa juu zikisubiri mashine ya mtu. Nailoni hunyumbuka kama mpira, na kila wimbi linapopiga, mshtuko huishia kwenye kamba kabla haujafika kwenye nanga.

Chukua nanga ya pili na kamba yake mwenyewe, ikiwa imekunjwa ndani ya ndoo. Na tafadhali, funga mwisho wa kamba hiyo kwenye chombo kabla jua halijazama. Usiku ule wa kwanza mume wangu aliitupa nanga ya pili kwa nguvu zote, kamba ikatoka kwenye ndoo vizuri kabisa, mita kwa mita, hadi ncha yake ikapita mbele ya macho yetu na kutumbukia. Bado iko huko Yambe.

Kuchagua mahali: muwe mmefika saa kumi jioni

Nasema saa kumi kwa sababu mkifika saa kumi mna muda wa kutia nanga, kutoridhika, kuing'oa na kutia tena. Mkifika magharibi mtakubali chochote. Isitoshe jua likiwa bado juu mnaona rangi ya maji. Kijani cheupe ni mchanga, madoa ya kahawia ni matumbawe au majani, bluu iliyoiva ni kina. Tia nanga kwenye mchanga au tope. Matumbawe yanakata kamba, nanga inanasa, na mnaharibu nyumba ya samaki ambao sote tunawala.

Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, kwa hiyo kimbilio ni upande wa kaskazini magharibi wa kisiwa. Kaskazi, Desemba hadi Machi, mambo ni kinyume. Lakini kisiwa kidogo kinazuia upepo kuliko kinavyozuia mawimbi. Mawimbi hupinda, hupita ncha zote mbili za kisiwa na kukutana nyuma, na hicho ndicho kilichotupata. Kaeni katikati ya kivuli cha kisiwa, mbali na ncha zake, na mkaribie ufuko kadiri kina cha maji kupwa kinavyoruhusu.

Halafu geuka utazame upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea. Nanga ikiachia, mtapelekwa wapi? Kama kuna mwamba mita mia moja nyuma yenu, hapo si mahali pa kulala hata pangekuwa pazuri namna gani. Njia ya meli ziingiazo bandarini Tanga usiisogelee, wala eneo la Chongoleani penye kituo cha bomba la mafuta.

Mafungu ya pwani hii yamewatesa na wakubwa. Aprili 1498, usiku, meli ya São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilipanda fungu hapa kati ya Pangani na Tanga, jirani na Tongoni. Waliokolewa na maji kujaa. Januari 1499 walirudi palepale wakaichoma, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli tatu.

Hesabu ya amari

Pima kina kwa bildi. Jiwe lililofungwa kwenye kamba yenye alama linatosha. Ongeza maji yatakayopanda usiku, ongeza kimo cha omo, yaani mbele ya chombo, kutoka majini. Jumla hiyo izidishe mara saba kwa amari ya kamba.

Tuseme mmetia nanga maji yakiwa yamepwa, kina mita 3. Maji yatapanda mita 3 nyingine, na omo uko mita 1 juu. Hiyo ni 7. Mara saba, mita 49. Aliyesahau kupanda kwa maji angetoa mita 28, na alfajiri maji yakijaa angekuwa na amari ya mara nne tu, na hapo ndipo nanga ya kamba huanza kunyanyuka. Mkitia nanga maji yakiwa yamejaa hesabu hugeuka: amari inatosha, hofu ni kina. Mita 5 za saa kumi alasiri siku ya bamvua zitabaki kama mita 1 na nusu saa nne usiku, na wimbi likishuka mkuku unagonga mchanga.

Hali ikichafuka toeni mara kumi mkiwa na nafasi ya kuzunguka. Upepo ukizidi maradufu, nguvu inayovuta amari haizidi maradufu, inazidi mara nne. Ndiyo maana nanga iliyotulia jioni yote inaachia ghafla saa nane usiku.

Kutia nanga bila kugombana

Hapa ndipo ndoa nyingi hupimwa. Mmoja yuko omo na nanga, mwenzake yuko tezi, yaani nyuma, na mashine, kati yao upepo na ngurumo. Aliye omo anapiga kelele, aliye tezi anasikia nusu, anafanya kinyume, anapigiwa kelele zaidi. Mwaka mzima tulikuwa hivyo. Dawa yake ni kuacha kabisa kusema. Mkono juu, mbele. Mkono chini, nyuma. Ngumi, toa gia. Usiku tunatumia tochi: mwako mmoja mbele, miwili nyuma, kuzungusha ni kusimama. Aliye omo ndiye nahodha kwa muda huo, awe mke au mume, kwa sababu yeye ndiye anayeiona amari. Tulijizoeza Raskazone asubuhi moja bahari ikiwa kama sahani, watu wa ufukweni wakitushangaa.

Elekeza omo kwenye upepo, songa polepole, simama. Chombo kikianza kurudi nyuma chenyewe, shusha nanga kwa mkono hadi iguse chini. Usiitupe. Legeza amari kadiri upepo unavyowarudisha, na ikifika theluthi moja ya urefu ibane kidogo ili nanga ijielekeze, kisha endelea kulegeza. Ikiisha, funga, na aliye tezi aweke gia ya nyuma, polepole, halafu aongeze nguvu kwa nusu dakika.

Sasa weka kiganja juu ya amari mbele ya omo. Nanga iliyoshika huifanya amari ikaze na kutulia, kama mkono wa mtu aliyekushika. Nanga inayoserereka hutetemesha kamba, inaruka na kuachia, unasikia kama mkokoteni unaopita kwenye changarawe. Ukisikia hivyo, ng'oa uanze upya. Usijiambie itashika baadaye.

Kabla ya giza

Chagueni alama mbili zilizopangana nchi kavu, moja mbele ya nyingine, upande wa kulia au kushoto wa chombo. Mchana unaweza kuwa mnazi na paa la nyumba, lakini tafuta pia zitakazoonekana usiku, kama taa nyekundu za minara ya simu. Alama zikiachana, chombo kimehama au kimezunguka, na hapo unaangalia kwa makini zaidi. Programu za nanga kwenye simu ni nzuri, mume wangu anazipenda, ila simu huisha chaji na mnara hauishi.

Vingirisha kipande cha mpira wa maji kwenye amari pale inapopita kwenye ubao wa omo. Shusha foromali, ule mti unaobeba tanga, na tanga lenyewe, lifunge sakafuni. Shusha kila kizito. Pandisha taa nyeupe moja inayoonekana pande zote, ndivyo kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini za 1972 zinavyotaka kwa chombo kilichotia nanga, na iweke juu kwa kuwa wavuvi wa dagaa nao wana taa nyeupe na ngalawa nyingine hazina taa kabisa.

Chakula kipikwe nyumbani. Jiko la mkaa kwenye mashua inayoyumba ni kutafuta kuungua. Sisi tunabeba chapati, samaki wa kukaanga, mihogo iliyochemshwa na chai ya tangawizi kwenye chupa. Vidonge vya kichefuchefu vimezwe mapema, mkishaanza kutapika havikai tumboni, na vingi vinaleta usingizi, kwa hiyo aliyemeza asipewe zamu ya kwanza. Jaketi okozi muda wote, hata mkilala. Na waume, nawaomba: kukojoa kumeshawaangusha wengi. Tumieni kopo.

Zamu, na jiwe la bildi

Bahari ikiwa mbaya tunapokezana saa mbili mbili. Zaidi ya hapo mtu anasinzia huku macho wazi. Mwenye zamu kila baada ya dakika kumi na tano anatazama alama, anaweka kiganja kwenye amari, anapapasa ule mpira kama haujahama, anachungulia ngama, kule chini maji yanakotuama, anafua maji kama yamezidi. Anaandika saa na kina kwenye daftari. Kuandika kunafukuza usingizi.

Ujanja ninaoupenda kuliko yote ni wa zamani. Shusha jiwe la bildi hadi chini, uliachie na kamba yake ilegee mita kadhaa, mwisho ufunge kwenye kopo la bati lenye misumari. Chombo kikipelekwa, kamba inakaza kuelekea mbele, kopo linaanguka. Wakati mwingine mzunguko wa kawaida nao huliangusha, na mtaamka bure. Mimi naona ni heri.

Mrama unapoanza

Turudi saa ile ya maji kugeuka. Upepo na mkondo vikipingana, chombo hukaa ubavu na mrama hauvumiliki, ingawa nanga yenyewe imeshika sawasawa. Chukua kamba ya pili, ifunge kwa fundo la kubana juu ya amari hapo hapo nje ya omo, irudishe nje ya ubavu hadi tezi na uikaze. Kisha legeza amari mita tano au sita. Sasa mnavutwa kwa ncha mbili, na kwa kukaza au kulegeza ile kamba ya tezi mnaugeuza uso wa chombo hadi omo, au walau shavu lake, likabili mawimbi. Jaribuni pande zote mbili, upande mmoja utakubali. Wengine hutundika ndoo majini kwenye ncha ya upondo ili ipunguze mrama. Tulijaribu, mkono wa ndoo ukakatika ndani ya nusu saa.

Kama hata hivyo haikubali, laleni sakafuni katikati, vichwa kuelekea omo, na subirini. Mkondo una kasi zaidi saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kugeuka, kisha hupoa.

Nanga ikiserereka

Legeza amari kwanza. Hilo ndilo la kwanza, na mara nyingi linatosha. Washa mashine, iende mbele polepole bila kuipita amari, ili kupunguza uzito. Ikiendelea, shusha nanga ya pili pembeni, si juu ya ile ya kwanza. Mkishindwa na nyuma kuna nafasi, ng'oeni mkatie nanga upya au mkakae kwenye kina kikubwa hadi kupambazuke. Mkishindwa na nyuma kuna mwamba, funga boya kwenye mwisho wa amari, iachilie yote, ondokeni. Kisu kiwe omo, kimefungwa kwa uzi, kwa kazi hiyo hiyo. Nanga hununuliwa.

Hatari ikiwa ya uhai, redio ya VHF chaneli 16: tamka mayday mara tatu, jina la chombo, mlipo, mko wangapi, mmepatwa na nini. Simu hushika karibu na mji, lakini simu humfikia mtu mmoja na redio humfikia kila aliye karibu.

Asubuhi

Msikimbilie kung'oa. Upepo wa nchi kavu, umande, unaweza kuvuma alfajiri na kuwaelekeza kwenye kisiwa mlichojificha nyuma yake, hivyo tazameni kwanza mmelala vipi. Aliye tezi asogeze chombo mbele taratibu, aliye omo akusanye amari iliyolegea tu, asivute chombo kwa mgongo wake. Amari ikisimama wima, funga, wimbi litakaloinua omo litaing'oa. Ikinasa, zungukeni muivute kutoka upande wa pili.

Ile asubuhi ya Yambe nanga ilikuja na tope zito la kijivu limejaza mikono yote miwili. Ilikuwa haijasogea hata hatua moja usiku kucha. Ule mpira wa maji tulioufunga omo, ambao nilikuwa nimeuita uchafu, ulikuwa umelika hadi ndani, na chini yake nailoni imeota manyoya kama shingo ya mbuzi. Tulipofika Deep Sea Baba Zuhura akakikata kipande hicho, akaigeuza amari, ncha iliyokuwa upande wa chombo ikaenda kwenye mnyororo, na mimi nikaenda kutafuta mpira mwingine mrefu zaidi.